Bahari Nayo ni ya Mkulima: Jibu kwa Wanaosema Kisiwa si Mahali pa Watu wa Malolo



Tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo limeigawa Halmashauri ya Walei ya parokia yetu kwa majuma matatu sasa, na ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia likisemwa chini ya miembe baada ya Misa. Vijana wa kigango cha Malolo wameomba kwenda pwani. Wanataka kuondoka Ijumaa usiku, wafike Kilwa Masoko Jumamosi asubuhi, wavuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, waogelee, wale samaki, walale usiku mmoja, washiriki Misa ya Dominika pamoja na waamini wenzao wa Kilwa, kisha warudi nyumbani. Ni hayo tu. Lakini kwa jinsi ombi hilo lilivyopokewa, mtu angedhani wameomba kuuza kengele ya kanisa.

Chanzo cha ombi lenyewe kilikuwa tangazo. Mmoja wao aliliona katika simu: klabu ya ufukweni kwenye kisiwa kimojawapo cha bahari yetu, yenye vitanda vya kulalia juani, miavuli ya makuti, chakula cha mchana, boti ya kwenda na kurudi, na bwawa la kuogelea lililochimbwa hatua chache tu kutoka baharini. Jambo hilo la mwisho liliwachekesha sana vijana wetu, kwamba mtu achimbe bwawa kando ya bahari. Mgeni aweza kushinda hapo kutwa, aweza pia kulala. Bei ya mtu mmoja kwa siku moja ingemaliza fedha ya gunia zima la mbaazi. Basi wakacheka, wakahuzunika kidogo, kisha wakafanya jambo la busara: wakapiga hesabu ya safari yao wenyewe, wakaanza kuchanga shilingi elfu tano kwa mwezi kila mmoja. Walipokuja ofisini kwetu walikuwa na daftari lenye majina, michango, nauli ya basi dogo na gharama ya mashua. Hawakuomba senti moja ya parokia. Waliomba baraka tu.

Nasi tuliwajibu nini? Tunaona haya kuliandika, ila halifichiki. Tuliwaambia kwamba ufukwe ni mahali pa anasa, kwamba wazazi wao hawajawahi kwenda huko na hawakupungukiwa na kitu, na kwamba fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia mabati ya kigango. Mzee mmoja aliyekuwapo akalimalizia neno letu vizuri kuliko sisi: "Wanangu, bahari si mambo yetu." Vijana wakasema, "Tumekusikia, Baba Paroko," wakachukua daftari lao, wakaondoka.

Leo tunaandika kulifuta jibu hilo, na kubishana hadharani na wote ambao bado wanalishikilia. Tutaanza na sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule.

Wapendwa, sisi tuliowaambia vijana kwamba ufukwe ni anasa tumekwisha kulala ufukweni mara kadhaa. Mnajua semina zinavyoendeshwa katika nchi yetu. Semina ya siku tatu kuhusu umaskini wa vijijini haifanyiki kijijini; hufanyika katika hoteli yenye upepo wa bahari, na washiriki hupewa shajara, kalamu, chupa ya maji na posho. Tumehudhuria semina za namna hiyo. Tumesikiliza mada kuhusu mkulima mdogo huku mawimbi yakisikika dirishani, na jioni tumevua viatu tukatembea mchangani, tukamshukuru Mungu kwa uzuri wa kazi yake. Hatukuona dhambi yoyote. Tuliporudi nyumbani tulikuwa wepesi wa moyo, na mahubiri ya Dominika iliyofuata yalikuwa mazuri kuliko kawaida. Kwa mantiki gani, basi, kitu kinachomburudisha padre, mwalimu mkuu na ofisa wa halmashauri kigeuke kuwa anasa kinapoombwa na kijana anayepalilia ufuta?

Hoja ya kwanza inayoletwa ni hiyo ya anasa na ubadhirifu. Tuitazame kwa utulivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, tena yenye malipo. Taifa limekubali kwamba mtu anayekaa ofisini huchoka, na kwamba kuchoka kwake ni jambo la kisheria. Lakini mkulima wa Malolo hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Ufuta ukiisha kukatwa, kufungwa matita na kukung'utwa, mikorosho inangoja kupaliliwa na kupuliziwa dawa. Korosho zikiisha kuokotwa na kupelekwa ghalani, mvua zinamkuta shambani akipanda tena. Siku zake za kutofanya kazi ni za namna tatu: siku ya kuugua, siku ya kuzika, na Dominika. Na hata Dominika hiyo, ni akina mama wangapi wanaopumzika kweli? Hutoka Misa wakaenda kisimani.

Amri ya siku ya mapumziko, kama inavyoelezwa katika Kumbukumbu la Torati (Kumb 5:14-15), haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni, hata ng'ombe na punda. Tena sababu inayotolewa hapo ni kumbukumbu ya utumwa wa Misri. Watu waliotolewa utumwani waliamriwa wapumzike kwa sababu alama mojawapo ya mtumwa ni kutokuwa na siku iliyo yake. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alilitetea pumziko la mfanyakazi kuwa ni jambo la haki, na Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 likaliweka katika kifungu chake cha 24. Kwa hiyo anayesema kwamba siku mbili za mapumziko kwa mwaka ni ubadhirifu kwa mkulima, na abishane kwanza na hao.

Na kuhusu mabati ya kigango, tuseme ukweli wetu wote. Mwaka jana parokia hii ilichangisha kwa ajili ya sherehe ya siku moja, ikachinja, ikashonesha sare, ikakodi vipaza sauti na jenereta. Hakuna aliyesimama kuuliza habari ya mabati. Katika harusi zetu tunachangisha hadi wajane. Tukitumia fedha ya vijana kwa heshima yetu sisi wakubwa, tunaiita majitoleo. Vijana wakitumia fedha yao wenyewe kupumzika, tunaiita anasa. Hapo hatulindi mabati. Tunalinda desturi yetu ya kuwaamulia.

Hoja ya pili ndiyo iliyotuuma zaidi, ile ya mzee wetu: bahari si mambo yetu. Hatumlaumu mzee. Neno hilo lina historia ndefu kuliko umri wake, na inafaa tuifahamu kabla hatujalirudia.

Watu wa bara ya kusini, Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na wengineo, waliijua njia ya kwenda pwani zamani kabla hakujawa na lami. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 bandari ya biashara hiyo ilikuwa Kilwa Kivinje, na misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilikatiza nchi yetu hii ya kusini ikielekea huko. Ni mpaka Juni 1873 ndipo Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Steere wa UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka Zanzibar kurudi bara, wakakusudia kwenda Nyasa, lakini wakaishia Masasi, majirani zetu hapa. Basi bibi wa bibi zetu walipoambiwa habari za bahari, waliambiwa habari za mahali ambapo mtu hupelekwa na harudi. Kusema "bahari si mambo yetu" kulikuwa ni namna ya kumlinda mtoto.

Lakini leo, wapendwa, watoto wetu wanakwenda pwani. Kila mwaka, ufuta ukiisha kuuzwa, kijana mmoja au wawili wa kila kitongoji hupanda basi kwenda Dar es Salaam, au hupita hadi Unguja, kutafuta kazi katika hoteli. Huko hufua mashuka, hubeba mizigo, hufagia mchanga alfajiri ili mgeni asikute jani. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya kazi ya kuwahudumia hufanywa na vijana wa namna hiyo. Hatuidharau kazi hiyo. Ni kazi halali na tunawaombea. Tunauliza tu: yawezekanaje bahari iwe mambo yetu tunapokwenda kuifagia, na isiwe mambo yetu tunapotaka kuitazama?

Tuwasimulie jambo moja. Miaka michache iliyopita tulikuwa pwani kwa shughuli za Kanisa, tukifuatana na makatekista watatu, watu wazima, ambao hawakuwahi kuiona bahari kwa karibu. Shughuli ilipokwisha tuliwachukua jioni watembee ufukweni. Tulifika mahali ambapo hoteli moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imeweka kamba na kibao. Mlinzi akatujia akiwa na rungu lake na sare safi. Alipotuona akasita, akavua kofia, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Alikuwa kijana wetu. Alipata Kipaimara katika parokia hii hii. Akatusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, habari za mama yake, habari za mvua. Kisha akainamisha kichwa: "Baba, naomba mnisamehe. Huku ni kwa wageni tu."

Tuligeuka tukarudi tulikotoka, maana hatukutaka apoteze kazi. Kabla hatujaachana, katekista mmoja alimuuliza kama maji yale yana joto. Akajibu kwamba hajui. Amekaa hapo miaka miwili na hajawahi kuingia.

Wapendwa, tangu vijana wa Malolo walipoondoka ofisini kwetu na daftari lao, hatujapata usingizi mzuri kwa sababu ya maneno hayo mawili. Mlinzi mlangoni alisema: huku ni kwa wageni tu. Paroko ofisini alisema: bahari si mambo yetu. Ni neno lile lile. Tofauti ni kwamba kijana yule alilisema kwa kulipwa na kwa kuona aibu, nasi tulilisema bure na kwa kujiamini.

Kwa hiyo hatutaishia kujilaumu wenyewe. Tunawageukia pia wanaofunga fukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya hifadhi ya mazingira, hilo tunalikiri; lakini ukitembea katika miji yetu ya pwani utaziona kuta zikishuka mpaka mahali maji ya bamvua yanapofika, na mvuvi akilazimika kuzunguka mbali ili afikie chombo chake. Visiwani hali ni bayana zaidi. Kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, kina hoteli moja yenye vyumba vichache, ambako kulala usiku mmoja hugharimu zaidi ya dola elfu moja kwa mtu; wageni wengine huruhusiwa kuogelea kwenye matumbawe yanayokizunguka, ila hawaruhusiwi kukanyaga mchanga wake. Na mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mpango wa kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Huenda yapo mapato na ajira humo, wala hatupingi uwekezaji kwa jumla. Tunachouliza ni hiki: katika mikataba ya namna hiyo, mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wametengewa pwani ipi? Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 (n. 45), alionya kuwa kubinafsisha maeneo yenye uzuri wa pekee kunawazuia watu wasiyafikie. Onyo hilo ni kama liliandikwa kwa ajili ya pwani yetu.

Tena haina maana kwamba njia nyingine haipo. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na hadi leo familia za mjini huvuka kwa boti, hulipa kiingilio ambacho kwa raia ni kidogo kuliko cha mgeni, hukaa chini ya vibanda vya makuti, hula samaki wa kukaanga na kurudi jioni. Mbudya wapo hata wanaolala katika mahema. Hapo mwuza duka wa Manzese na mtalii kutoka Ulaya huoga maji mamoja. Bahari haijaharibika kwa sababu hiyo.

Na huko Kilwa Kisiwani wanakotaka kwenda vijana wetu, kuna fundisho ambalo hakuna klabu ya ufukweni inayoweza kulitoa. Juu ya mwamba unaotazama bahari yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na katikati yake, wapendwa, lilikuwa na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Naam, bwawa kando ya bahari! Vijana waliocheka tangazo lile watalikuta la zamani zaidi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sana Sultani huyo kwa ukarimu, akasimulia jinsi alivyovua mavazi yake na kumpa fukara aliyemwomba njiani akitoka sala ya Ijumaa. Lakini msafiri huyo huyo anasimulia kwamba zawadi alizoongezewa fukara yule zilikuwa ni pembe za ndovu na vichwa kumi vya watumwa. Ukarimu ule ulilipiwa na mtu mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa. Jumba lenyewe halikukaliwa kwa muda mrefu. Leo bwawa lile halina maji, na magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Tunataka kijana wa Malolo asimame hapo. Tunataka aketi ukingoni mwa bwawa la Sultani, mtu huru, mwenye nauli yake mwenyewe na viatu vyake mkononi, atazame bahari ambayo watu wa nchi yake walivushwa wakiwa bidhaa. Halafu ashuke, aingie majini, acheke. Mnaiita hiyo anasa? Sisi sasa tunaiita fidia ndogo.

Hoja ya tatu ni ile ya dhambi: kwamba ufukweni kuna utupu, ulevi na uasherati. Hatutajifanya hatuyajui hayo. Lakini ulevi haukungoja tufike pwani. Vilabu vya pombe vya hapa kwetu hufunguliwa kabla ya saa sita, na hakuna aliyependekeza tuukatae Ruangwa kwa sababu yake. Dhambi husafiri ndani ya mtu, haimsubiri kituoni. Tena Bwana wetu alikuwa mtu wa ufukweni. Alitoka nyumbani akaketi kando ya bahari (Mt 13:1). Aliwaita wanafunzi waliochoka waende kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo, nao wakaenda kwa mashua (Mk 6:31-32). Na alipofufuka, wanafunzi waliotoka kuvua usiku kucha walimkuta ufukweni amekwisha kuwasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate (Yn 21:9). Aliyeshinda mauti aliwapikia wafanyakazi chakula cha asubuhi mchangani. Anayedhani ufukwe ni milki ya shetani hajasoma Injili hadi mwisho.

Hata hivyo, vijana nao wana la kusikia. Kilwa Kisiwani ni kijiji. Ni nyumba ya watu, na wenyeji wake ni Waislamu wenye heshima zao. Klabu ya ufukweni humfundisha mgeni kwamba mahali alipolipia ni pake na kwamba watu waliopo ni watumishi. Msiende kwa roho hiyo. Mkiingia kijijini, wasichana wajifunge khanga na wavulana wavae mashati. Salimianeni, ombeni idhini kabla ya kupiga picha, nunueni chakula kwa mama wa pale badala ya kubeba masanduku ya soda kutoka Ruangwa. Mtu aliyezuiwa mlangoni asigeuke kuwa mgeni wa kumsumbua mwenyeji.

Hoja ya nne ni ya hatari, na hii pekee tunaiheshimu yote. Mama mmoja alitujia akasema hana neno na anasa wala dhambi, anaogopa maji. Ana haki. Sisi wa bara wengi wetu hatujui kuogelea, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Taifa halijaisahau Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba mwezi Septemba 2011, wala Skagit ya Julai 2012, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria mwezi Septemba 2018. Mamia ya watu walikufa, na katika Spice Islander na MV Nyerere chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Lakini jibu la hofu hiyo ni utaratibu, maana kukataza tu hakumfundishi mtu kuogelea. Kwa hiyo tumekubaliana na vijana hivi. Hawatasafiri wakati wa masika; tulishuhudia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, jinsi barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilivyokatika pale Somanga. Watavuka asubuhi, wakati upepo haujachafuka, katika mashua yenye jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na nahodha akizidisha abiria watashuka. Asiyejua kuogelea ataishia maji ya magotini. Wazazi wawili wa kila jumuiya watafuatana nao, na mama yule mwenye hofu amekubali kuwa mmojawapo. Anasema anataka kuyaona hayo maji yanayomtisha.

Wapendwa katika Kristo, tunahitimisha. Juma lililopita tuliwaita vijana wa Malolo tukawaomba radhi. Tuliwaambia kwamba tulikosea, na kwamba baraka waliyoiomba tunaitoa. Hawakupiga makofi, walitazamana, kisha mmoja akafungua daftari na kutuuliza kama Baba Paroko naye atachanga shilingi elfu tano kwa mwezi kama wengine, au atakwenda kama mgeni. Tumekwisha kulipa ya miezi miwili.

Kwa wazee wetu tunasema: neno "bahari si mambo yetu" liliwalinda watoto wakati njia ya pwani ilikuwa njia ya minyororo. Sasa liacheni lipumzike. Kwa viongozi wa Serikali na wenye hoteli tunasema: ondoeni kamba. Hatuwaombi vitanda vyenu wala miavuli yenu. Tunaomba njia ya kupita na mahali pa kukanyaga mchanga. Na kwa mapadre wenzetu tunasema: semina ijayo itakapofanyika ufukweni, kila mmoja wetu, kabla hajavua viatu, amkumbuke kijana aliyemkatalia.

Tunamkumbuka pia mlinzi wetu yule. Tumepata namba yake kwa mama yake, tumemwalika. Atakuwa na siku mbili za mapumziko mwezi huo, naye ameahidi kuja Kilwa kuungana na wenzake wa Malolo. Ameuliza jambo moja tu, kama maji yatakuwa na joto. Tumemjibu kwamba tutayaingia pamoja ili tujue.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na yenye mapumziko. Tumsifu Yesu Kristo!